Camaro ya 1969 na rimu za Camaro ya 2010: uchambuzi wa kisa

Rimu nne zilifika Columbus, Ohio, zimezungushiwa nailoni, zinang'aa kama zimetoka dukani jana. Zilivuliwa kwenye Chevrolet Camaro SS ya 2010, na mnunuzi alizitaka kwa ajili ya Chevrolet Camaro ya 1969. Tundu tano kwa tundu tano, jina moja, kampuni moja. Muuzaji alisema zitaingia. Ya kwanza ilipoinuliwa kwenye habu (kitovu kinachobeba gurudumu) ya mbele kushoto, stadi zote tano (bolti zinazofungwa nati za rimu) zilipita kwenye matundu bila kusumbua, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kisha rimu ikasimama. Ilibaki ikining'inia nje ya uso wa diski, na haikusogea tena hata iliposukumwa kwa goti.

Kisa hiki kimeshonwa kutokana na makosa yanayojirudia kwenye magari ya aina hii, yakawekwa kwenye gari moja ili hesabu ifuatiliwe tangu mwanzo hadi mwisho. Vipimo vya bodi vinavyotajwa ni vya gari hilo tu. Gari la jirani lipimwe upya, hata kama yote mawili yalitoka kiwanda kimoja wiki moja.

Gari lenyewe

Namba ya chasi inaanza na 124379N. Tarakimu ya 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya injini ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa la bati, 9 ni mwaka wa 1969, na N ni kiwanda cha Norwood, humo humo Ohio. Ingekuwa L, gari lingekuwa limeundwa Van Nuys, California. Wabishi wa Marekani watasema Camaro si muscle car halisi, yaani gari la Marekani la injini kubwa, ni ya kundi la Mustang. Ubishi huo waachiwe wenyewe. Habu haijui kundi.

Mbele lilikuwa na breki za diski za kiwandani, diski ya inchi 11 na kalipa (kishikio kinachobana diski) ya pistoni moja, na nyuma dramu za inchi 9.5. Rimu zilizokuwepo ni za chuma, 14x7 (kipenyo inchi 14, upana inchi 7), zenye matairi ya 225/70R14. Koili za mbele zilishabadilishwa kwa fupi, gari likashuka kama inchi 1. Mwenye gari alitaka mambo matatu: gari lishike barabara kuliko lilivyo, lisimame vizuri machoni, na breki za mbele ziwe za diski ya inchi 13. Hilo la tatu alilitaja mwishoni, kwa kupitia tu, ilhali ndilo lililotakiwa kuamua kila kitu tangu siku ya kwanza.

Kwa nini zile za 2010 zilikataa

Kilichoizuia rimu kwenye habu ni tundu lake la katikati. La Camaro ya 2010 ni milimita 66.9. Bosi, yaani mwinuko wa katikati wa habu, la Camaro ya 1969 ni milimita 70 na ushei. Kinachotakiwa kuingia ni kinene kuliko mlango wake, basi. Wapo wanaochukua tundu hilo wakalipanua kwa mashine. Inawezekana, ila kazi hiyo ingetatua tatizo dogo kuliko yote.

Linalofuata ni duara la stadi. Camaro ya 1969 ina stadi tano kwenye duara la inchi 4.75, yaani milimita 120.65. Ya 2010 ina duara la milimita 120 kamili, kipimo ambacho wauza rimu za BMW wanakifahamu. Tofauti ni milimita 0.65 kwenye kipenyo, kwa hiyo kila stadi iko nje ya mahali pake kwa theluthi moja ya milimita. Jicho halilioni hilo. Nati inaliona: koni yake inagusa upande mmoja wa kiti chake kabla ya mwingine, fundi anaendelea kukaza, stadi inavutwa pembeni, na kila mzunguko wa gurudumu unaikunja na kuinyoosha. Hiyo ni zaidi ya mara 400 kwa kila kilomita. Chuma huchoka kimyakimya, kikakatika siku hujakitazama. Aliyezoea rimu za Japani, awe Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani Dar es Salaam, anafanya kazi na 5x100 na 5x114.3 (stadi tano kwenye duara la milimita 100 au 114.3), vipimo vilivyoachana kiasi kwamba hata kwa bahati mbaya haviwezi kufungwa kimoja badala ya kingine. Hatari ya 120 na 120.65 ni kwamba vinakaribiana, gari linaondoka.

Matundu hayo ya rimu yalitobolewa kwa stadi za milimita 14. Stadi za 1969 ni za inchi 7/16, kama milimita 11. Nati ndogo ya 7/16 inakaa kwenye kiti kipana na kushika sehemu ndogo tu ya koni. Ndiyo maana stadi zilipita kirahisi vile.

Tuje kwenye ofseti, na hapa inafaa kutulia. Rimu ina uso wa kufungia, ule unaolalia diski au dramu. Ofseti ni umbali wa uso huo kutoka katikati ya upana wa rimu, kwa milimita. Ikiwa chanya, uso umesogea upande wa barabarani na rimu yenyewe inazama ndani ya gari. Mafundi wa magari ya zamani ya Marekani wanapenda kipimo kingine, ambacho hapa tutakiita kina cha nyuma: umbali kutoka uso wa kufungia hadi ukingo wa ndani kabisa wa rimu, kwa inchi. Vyote viwili vinasema jambo moja, na kuhama kutoka kimoja kwenda kingine ni rahisi ukikumbuka kwamba rimu iliyoandikwa inchi 8 ina karibu inchi 9 ukipima ukingo hadi ukingo, kwa kuwa upana unaoandikwa ni wa pale tairi linapokaa. Kwa hiyo kina cha nyuma ni nusu ya upana ulioongezwa inchi 1, jumlisha ofseti iliyogawanywa kwa 25.4.

Rimu za mbele za SS ya 2010 ni 20x8 ofseti 35. Nusu ya 9 ni 4.5; 35 kwa 25.4 ni 1.38, kina cha nyuma ni inchi 5.88. Za nyuma ni 20x9 ofseti 40: 5 na 1.57, jumla inchi 6.57. Camaro ya 1969 yenye bodi ya kiwandani hupokea mbele rimu ya inchi 8 yenye kina cha nyuma cha takriban 4.75. Zile zingezama inchi moja na zaidi kuelekea wishiboni (mikono inayobeba gurudumu) na tairodi (fito za stelingi), na nyuma zingekutana na springi za bapa.

Kuna wanaosema: weka adapta ya milimita 32, ibadilishe duara kutoka 120.65 kwenda 120 na kutoa rimu nje kwa wakati mmoja. Kwa hesabu ni kweli, ofseti 35 inabaki 3, na bosi la adapta linachongwa kulingana na rimu. Adapta inaponya kila kitu isipokuwa kipenyo. Tairi la kiwandani la rimu hizo mbele, 245/45R20, lina kipenyo cha milimita 728. Tairi linaloenea vizuri kwenye upinde wa mbele (nafasi ya tairi chini ya madigadi) wa gari hili lililoshushwa ni la milimita 643 hivi. Tofauti ya nusu kipenyo ni milimita 42, na hizo 42 zinatafutwa juu, mbele na nyuma ya tairi, tena likiwa limekatwa kona. Hazipo. Ukivisha tairi jembamba la ubavu mfupi ili kuokoa nafasi, unabaki na rimu kubwa iliyofunikwa kwa utepe wa mpira, na kila shimo la barabara linafika kwenye alumini. Kwa maoni yetu, inchi 20 zinaiharibu Camaro ya 1969 hata pale zinapoingia: upinde wake ulichorwa kwa rimu za inchi 14 na 15, na jicho linahitaji kuona mpira pale.

Rimu zikauzwa tena. Kazi ikaanza upya, safari hii kwa breki.

Breki, kisha urefu wa gari, kisha tairi; rimu mwisho

Diski ya inchi 13 na kalipa yake ya pistoni nne haiingii ndani ya rimu ya 14 wala ya 15. Kwa breki za ukubwa huo kianzio ni inchi 17, na hata hapo si kila 17: mikono ya rimu ikiwa imelala ndani, itagusa mgongo wa kalipa. Watengenezaji wa breki kama Wilwood na Baer hutoa kiolezo cha karatasi cha umbo la kalipa kwa ukubwa halisi. Kinachapwa bila kupunguzwa, kinabandikwa kwenye kadibodi, kinakatwa, kisha kinazungushwa ndani ya rimu ukingo wake ukilalia uso wa kufungia. Tunataka angalau milimita 3 kila mahali. Na usisahau vipande vya risasi vya kubandika vya balansi: vikiwekwa ndani ya rimu mbele ya kalipa, vinakula hizo 3 na kubaki sifuri. Mwambie mtu wa balansi mapema.

Seti ya breki ina jambo jingine ambalo maduka hulisema kwa sauti ndogo. Baadhi ya seti husogeza uso wa kufungia nje kwa nusu inchi au zaidi kila upande. Ukipima upinde na breki za zamani kisha ukafunga mpya, vipimo vyote vya mbele vimekufa. Hapa breki zilifungwa kwanza, ndipo timazi likatolewa.

Kupima nyuma

Nyuma ndiko kwenye utajiri wa makosa. Gari liliwekwa juu ya stendi, stendi zikikaa chini ya ekseli na si chini ya bodi, ili springi zibebe uzito kama barabarani. Mbele pakainuliwa kiasi kilekile, mafuta nusu tangi. Magurudumu ya nyuma yakatolewa. Timazi likaning'inizwa kutoka kwenye pindo la ndani la madigadi, juu kabisa ya upinde, uzi ukashuka mbele ya dramu. Umbali kutoka uso wa dramu hadi kwenye uzi ni nafasi ya nje. Kwa ndani, kijiti kilikatwa urefu wa inchi 13, nusu ya kipenyo cha tairi lililofikiriwa, kikafungwa kwenye stadi moja na kuzungushwa polepole kama mshale wa saa. Kila kinapopita karibu na springi, shokapu au ukuta wa ndani wa upinde, umbali unapimwa na kuandikwa. Unaoshika ni ule mdogo kuliko yote.

Kushoto: ndani inchi 6, nje inchi 5.25. Kulia: ndani 6.25, nje 5. Ukijumlisha, pande zote mbili ni 11.25. Jumla zikilingana na mgawanyo ukitofautiana, nafasi ipo, ila ekseli imekaa upande. Hapa ilikuwa imehamia kulia kwa 1/8 ya inchi. Ukinunua rimu kwa kipimo cha kushoto peke yake, upande wa kulia unasugua, halafu utawalaumu waliotengeneza rimu.

Sababu ilikuwa ya kawaida: bushi za mpira za springi zilizochoka, na vishikio vya mbele vya springi vilivyofungwa bila kulengwa siku bodi ilipotengenezwa. Bushi mpya ziliwekwa, bolti za vishikio na za U zikalegezwa, ekseli ikavutwa kwa mkanda wa kufungia mizigo, kisha zikakazwa gari likiwa limekaa kwa uzito wake. Baada ya hapo pande zote mbili zilisoma 6.125 ndani na 5.125 nje.

Mwenye gari alitaka 275/40R17 nyuma. Kwenye rimu ya inchi 9 tairi hilo lina upana wa takriban milimita 273, na kwa kina cha nyuma cha 5.5 (ofseti 12.7) hubakiwa na robo inchi ndani na robo inchi nje. Robo inchi ni milimita 6. Ekseli ya springi za bapa huyumba pembeni kwenye kona, na bushi za mpira huiruhusu. Kwa hiyo 275 kwenye gari hili ilimaanisha kukunja pindo la madigadi lilale bapa. Upande wa kushoto hilo lingewezekana kwa rola na bunduki ya hewa moto, ukipasha rangi kwanza isipasuke. Kulia, hapana. Barabara za Ohio hutiwa chumvi kila majira ya baridi, na ubavu wa kulia ulishaliwa na kutu ukabandikwa bati jipya juu ya la zamani, puti ya kujazia katikati. Sumaku ilikataa kushika kwa urefu wa kiganja. Pindo kama hilo ukilikunja, puti inapasuka na rangi inafuata.

255/45R17 kwenye rimu ileile ya 9 ina upana wa kama milimita 260. Nusu ni 130. Ndani: 130 na 12.7 ni 142.7, sawa na inchi 5.62, inabaki nusu inchi. Nje: 130 kutoa 12.7 ni 117.3, inchi 4.62, inabaki nusu inchi. Milimita 12 na ushei kila upande bila kugusa bodi. Uamuzi ukawa huo, ingawa mwenye gari alinung'unika. Ukisimama nyuma ya gari, milimita 13 za upana zinazotofautisha matairi hayo mawili ni vigumu kuzitambua.

Kupima mbele

Mbele koili ilitolewa, wishiboni ya chini ikabebwa na jeki, ili gurudumu lipandishwe na kushushwa kwa mkono kama linavyofanya barabarani. Vipimo vilichukuliwa mara tatu: gari likiwa limekaa, limebonyea inchi 2, na limenyanyuka inchi 2. Kila mara stelingi ilikatwa kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Tairi la mbele haligusi pale unapotazama likiwa limenyooka. Hugusa kona ya chini ya nyuma ya madigadi likiwa limekata kona na kubonyea kwa pamoja, yaani unapotoka kwenye maegesho yenye mteremko.

Kilichokubaliwa ni 17x8, kina cha nyuma 4.75, ofseti 6, tairi la 235/45R17. Linafikia inchi 4.9 ndani na 4.4 nje ya uso wa diski.

Matairi kwa vipenyo: mbele milimita 643, nyuma 661. Gari linainama mbele kidogo sana, mkao ambao Camaro inaupenda. Tairi la zamani la nyuma lilikuwa milimita 671, kwa hiyo jipya ni dogo kwa asilimia 1.4 na spidomita itasoma juu kwa kiasi hicho: inaposema maili 60 kwa saa, gari liko 59 na kitu. Hakuna haja ya kubadilisha gia ya spidomita.

Umbo na madini

Hapa kila mtu ana lake, na tutapita haraka. American Racing walitoa Torq Thrust mwaka wa 1963, mikono mitano inayosinyaa kuelekea ukingoni. Umbo hilo liliacha nafasi ya breki za diski na hewa ya kuzipooza, si pambo tu. Matoleo ya sasa ya inchi 17 yanalingana na gari la miaka ile na kuficha breki kubwa ndani. Cragar S/S ya 1964, yenye kromu, ni nzuri kwa gari la inchi 15 linalobaki na breki za zamani. Ukiichukua iliyotumika, angalia matundu: nyingi zina matundu marefu yanayokubali duara zaidi ya moja, na yanadai washa maalumu zenye tundu pembeni zikae upande mmoja wote. Washa moja ikigeuzwa, rimu haiko katikati tena.

Anayetaka gari lake libaki na sura ya kiwandani atafanya vizuri kukaa na rimu za Rally za 15x7, ambazo Camaro Z/28 ya 1969 ilitoka nazo. Gharama yake ni matairi: ya inchi 15 yenye maandishi meupe yapo, ila mengi yana alama ya kasi S, yaani kilomita 180 kwa saa, na ubavu wake mrefu hulegea kwenye kona.

Kwa kisa hiki zilichaguliwa rimu za alumini ya kumimina, kipande kimoja, mikono mitano, kijivu na ukingo uliosuguliwa. Za kufuliwa ni nyepesi na imara zaidi, na zinaweza kuagizwa kwa ofseti yoyote unayotaka. Bei yake ni mara kadhaa ya hizi, na kwa gari linalotembea Jumamosi fedha hiyo ina kazi bora kwenye bushi na shokapu.

Agizo lilisomeka hivi:

- rimu 2 za 17x8, 5x4.75, kina cha nyuma 4.75, matairi 235/45R17
- rimu 2 za 17x9, 5x4.75, kina cha nyuma 5.5, matairi 255/45R17
- nati 20 za koni ya digrii 60, nyuzi 7/16-20
- stadi ndefu 20
- vifuniko virefu 2 vya katikati kwa mbele na vifupi 2 kwa nyuma, kwa sababu kikombe cha grisi cha habu ya mbele kinachomoza

Stadi ndefu zinahitaji neno. Katikati ya rimu ya chuma ni bati la milimita chache. Alumini mahali pa nati ni nene mara kadhaa. Stadi iliyotosha jana leo inaishia ndani ya tundu. Kanuni ni kwamba nyuzi zilizoshikana zisipungue unene wa stadi: kwa 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, nati izunguke angalau mara 9 kuanzia inapodaka hadi inapogota. Hesabu kwa vidole, bila mashine. Kwenye gari hili stadi za zamani zilitoa mizunguko 6.

Kufunga, na yaliyoharibika

Tarehe za matairi zilisomwa kwanza. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ni wiki na mwaka: 1424 ni wiki ya 14 ya 2024. Matairi ya magari kama haya huisha miaka kabla ya kuisha kashata (meno ya tairi).

Nati zilikazwa kwa mpangilio wa nyota, kwa hatua tatu, futi-pauni 30, kisha 55, kisha 75, ambayo ni kama Nm 100. Gurudumu likiwa hewani kwa hatua ya kwanza, chini kwa zinazofuata. Rimu hizi zina tundu la katikati kubwa kuliko bosi la habu, kwa hiyo kinachoziweka katikati ni koni za nati. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, umeifunga rimu pembeni.

Safari ya kwanza ilitoa kasoro mbili.

Kwenye maili 60 kwa saa kiti kilianza kutetema. Stelingi ilitulia, kwa hiyo chanzo kilikuwa nyuma. Matairi yalirudishwa kwenye mashine ya balansi na kufungwa kwa bamba linaloshika matundu matano ya nati, badala ya koni inayopita tundu la katikati, maana mashine inapaswa kulishika gurudumu kama gari linavyolishika. Nafuu ilikuwa ndogo. Zilipofunguliwa nati za kulia nyuma, moja ilikuwa imelegea chini ya futi-pauni 50. Nyuma ya rimu, kwenye stadi ileile, kulikuwa na kibati chembamba kama sarafu, chenye meno, kilichokwaruzwa upande mmoja na alumini. Kiwanda kiliviweka vibati hivyo ili dramu isidondoke kwenye mstari wa kuunganishia. Rimu za chuma zilikuwa na mfinyo wa kukimeza. Alumini iliyochongwa bapa haina. Kibati cha unene wa milimita 1 kilikuwa kimeinua upande mmoja wa gurudumu. Kikang'olewa kwa koleo, uso wa dramu ukapigwa brashi ya waya, mtetemo ukaisha. Ndiyo maana nati hukazwa upya baada ya kilomita 80 hadi 160: kulegea kunakuonyesha palipo na kitu katikati.

Kasoro ya pili: tairi la mbele kushoto lilisugua mgongo wa madigadi stelingi ikikatwa hadi mwisho, la kulia halikugusa. Rimu zinafanana, matairi yanafanana. Camaro ya kizazi hiki ina fremu fupi ya mbele, iliyofungwa chini ya bodi kwa bolti kubwa nne zenye bushi za mpira, na mbele yake inabeba nguzo ya rejeta. Mpira ukilika, fremu nzima huteleza. Mishazari ilipimwa kwa tepu kutoka kwenye matundu ya kulenga: tofauti milimita 8, gurudumu la kushoto likiwa nyuma zaidi. Bushi zilibadilishwa zote, fremu ikalengwa, bolti zikakazwa, na ndipo alaimenti (kulenga pembe za magurudumu) ikafanywa. Vipimo vya kitabu cha 1969 viliandikwa kwa matairi ya nyuzi za mshazari. Kwa radiali, kasta (mwinamo wa mhimili wa stelingi kuelekea nyuma) iliongezwa kwa shimu (vibati vyembamba) hadi pale wishiboni za kiwandani ziliporuhusu, na kemba (mlalo wa gurudumu kuelekea ndani au nje) ikawekwa nusu digrii hasi.

Likabaki suala la tairi la akiba. Rimu ya zamani ya 14 iliyomo kwenye buti haipiti tena juu ya diski ya inchi 13. Inaingia nyuma tu, penye dramu. Pancha ikiwa ya mbele, gurudumu la nyuma haliwezi kuhamishiwa huko, kwa sababu 17x9 yenye kina cha 5.5 inagusa likikatwa kona. Kwenye buti la Camaro hii pamewekwa dawa ya pancha, pampu ya umeme, na soketi ya nati mpya. Ile 14 imepelekwa stoo.